Nilitaka kung'oa jino, kumbe shida ni pua

Jamani naomba nianze na jino, maana bila jino hii stori haieleweki. Mwaka jana mwezi wa nane, kile kipindi ambacho Dodoma upepo unapiga mpaka mabati yanaimba, niliamka asubuhi magego ya juu upande wa kulia yanauma. Sio moja, yote kwa pamoja, na nikiinama kuokota kiatu ndo balaa, kama kuna mtu yuko ndani anayagonga na nyundo. Nikavumilia siku tatu na panadoli, siku ya nne nikaenda kwa daktari wa meno nimeshaamua kabisa kwamba leo linang'olewa, hela ninayo na roho nimeikaza. Yule dokta akagonga gonga, akapiga picha, alafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, "una mafua?" Nikamwambia dokta, mimi ndo mafua yenyewe, ninayo tangu nimehamia huu mji. Akacheka. Akasema meno yako mazima dada yangu, nenda kamwone daktari wa masikio, pua na koo, hapa juu ya magego kuna uwazi ndani ya mfupa wa shavu, na mizizi ya meno ya juu inaishia karibu kabisa na sakafu ya huo uwazi, sasa ukivimba na kujaa makamasi unahisi ni meno.

Nikatoka na meno yangu yote mdomoni na hasira kidogo, unajua ile umejiandaa kwa vita alafu vita haipo.

Sasa niwarudishe nyuma. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua kwenye joto la unyevunyevu, mafua kwangu ilikuwa kitu cha siku nne tano basi. 2019 nikahamia Dodoma kikazi kama watumishi wengine wengi tuliofuata makao makuu, na hapo ndo pua yangu ilipoanza vituko. Anayeijua Dodoma anaelewa, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja mvua hamna, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na kule Mtumba, mji wa Serikali, enzi majengo yanajengwa ulikuwa unashuka kwenye gari umevaa nguo nyeusi ukifika ofisini imekuwa rangi ya udongo. Ukipenga kamasi kwenye tishu unaona kahawia. Kila upepo ukianza naziba pua, kichwa kinabana hapa juu ya nyusi, bibi yangu anaita kipanda uso, na kwa kweli hakuna jina linaloelezea vizuri zaidi ya hilo maana unahisi kabisa kitu kinapanda usoni.

Nilichofanya ndo kile tunachofanya wote, duka la dawa. Nikapewa matone ya pua. Eeh bwana wee! Matone mawili kila tundu, dakika chache tu pua inafunguka unavuta hewa mpaka kisogoni, nikasema jamani hii dawa nilikuwa wapi siku zote? Kwenye boksi imeandikwa usizidishe siku kadhaa, nani anasoma boksi. Nilizitumia mwaka na nusu. Ilifika hatua nina chupa moja kwenye pochi, moja droo ya ofisini, moja chini ya mto, na usiku nikiamka pua imeziba napapasa mto kabla hata sijafungua macho. Siku moja nimefika safarini Morogoro nimesahau chupa zote, saa nne usiku nikamtoa mume wangu tukazunguke kutafuta famasi iliyo wazi, kama watu wenye mgonjwa mahututi. Na amoksilini nilimeza dozi tatu ndani ya mwaka mmoja, kila nikiona kamasi la kijani naenda kununua, hakuna aliyeniandikia.

Daktari wa pua nilimpata baada ya lile jino, akanisikiliza kwa utulivu, nilipofika kwenye habari ya chupa tatu akaacha kuandika akaniangalia. Akaniambia sasa una matatizo mawili, la kwanza ni vumbi na mzio, la pili ni hayo matone. Yale matone kazi yake ni kubana mishipa ya damu ndani ya pua ili uvimbe upungue, ukiyatumia siku tatu mpaka tano sawa, ukizidisha mishipa inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, unaweka tena, inavimba tena, mduara hauishi. Kumbe mwaka na nusu nilikuwa naziba pua yangu kwa hela yangu mwenyewe.

Na kamasi la kijani nalo akanisuta. Ile rangi inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana humo ndani, haimaanishi moja kwa moja kwamba ni bakteria, mara nyingi ni virusi vya mafua ya kawaida na antibayotiki haiviwezi. Akasema wasiwasi unakuja kama zimepita siku kumi hupati nafuu, au umepata nafuu alafu ukageuka vibaya tena.

Alinichorea kwenye karatasi. Hizi nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso, ndo hizo tunaita sainasi, ziko jozi nne, mashavuni, kwenye paji, katikati ya macho, na nyingine nyuma kabisa huko ndani ya pua. Zinatengeneza ute muda wote hata ukiwa mzima, na kuna vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho vinausukuma huo ute utoke kama watu wanavyofagia uwanja asubuhi, unapitia kwenye vitundu vya upana wa milimita chache tu. Sasa pua ikivimba kwa vumbi au mafua kile kitundu kinaziba, uwanja haufagiliki, taka zinajaa. Ndo maumivu.

Dawa aliyoniandikia ilikuwa ya kupuliza puani ya steroidi, ya kupunguza uvimbe, na juu yake akaandika kwa mwandiko wao ule "kuosha pua kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni". Nikamuuliza hiyo chumvi naipata dirisha gani? Akasema jikoni kwako.

Kwa kweli sikumwamini. Nilikuwa nimetoa hela ya kumwona, nimepanga foleni toka saa mbili, alafu naambiwa chumvi. Nikarudi nyumbani nikaangalia YouTube, nikaona wazungu na Wahindi wanashika kitu kama buli dogo la chai, wanainamisha kichwa, maji yanaingia tundu la huku yanatoka la kule kama bomba. Mume wangu akachungulia akasema wewe mwanamke utazama sebuleni. Hiyo kitu ni ya zamani sana kwa Wahindi, iko kwenye yoga wanaiita jala neti, sio kwamba kuna mtu kaigundua juzi. Na ukifikiria hata sisi tunaotawadha si tunapandisha maji puani kila udhu, tofauti ni kwamba yale ni machache, yanaishia mlangoni.

Mara ya kwanza nilikosea, na nimekosea kwa ujuaji. Maji ya Dodoma wanaoishi huku wanayajua, mengi ni ya visima na yana kaladha ka chumvi, birika langu linaota magamba meupe kila mwezi. Nikasema sasa si tayari yana chumvi haya? Nikachota ya bombani, nikaweka kwenye kikombe cha mtoto chenye mdomo, nikamimina. Mama yangu! Ule moto ulipanda mpaka kwenye ubongo, machozi, nikapaliwa, nikapiga chafya nadhani kumi, mtoto akakimbia kuniletea taulo anadhani mama anakufa. Nikaapa sirudii.

Ila makosa yalikuwa mawili na moja lilikuwa la hatari kuliko nilivyojua.

Lile la moto ni chumvi. Mwili wetu una chumvi yake, kama gramu tisa kwa lita, ndo maana dripu ya chumvi imeandikwa 0.9%. Ukiingiza puani maji yenye chumvi pungufu ya hapo ile ngozi laini ya ndani inanyonya maji inavimba inaunguza, ndo kilichonipata. Ukiweka inayolingana husikii kitu, na hii sikuiamini mpaka nilipojaribu, yani maji yanapita kichwani mwako na huumii, unabaki unashangaa.

La pili ni maji ya bomba yenyewe. Hapa naomba msiruke ruke mistari. Kuna kijidudu, amiba, kinaitwa Naegleria fowleri, kinapenda maji ya uvuguvugu yasiyotiwa dawa vizuri. Ukikinywa hakikufanyi kitu, tumbo linakimaliza, ila kikiingia puani kinaweza kupanda na mshipa wa fahamu wa harufu mpaka kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni nadra sana sana, sitaki mtu alale macho leo, lakini 2011 kule Louisiana Marekani watu wawili walifariki baada ya kuosha pua na maji ya bomba ya nyumbani kwao, na Karachi huko Pakistani vifo vimetokea zaidi ya mara moja, wengine hata kuogelea hawakwenda, ni maji ya udhu tu. Sasa fikiria matangi yetu meusi ya plastiki juu ya paa yanachemka na jua la mchana, nani anajua mara ya mwisho lilioshwa lini. Kwa hiyo maji ya kuosha pua yanachemshwa. Yakianza kutokota yaache dakika moja nzima, nyie mnaokaa milimani huko juu ya mita 2,000, kina Kitulo, fanyeni dakika tatu, alafu yapoe yenyewe kwenye chombo chenye mfuniko. Maji ya chupa ya dukani ni ya kunywa, sio kwamba yametakaswa kwa ajili ya pua, mimi nayo nachemsha.

Basi wiki iliyofuata nikajikaza nikafanya inavyotakiwa na ndo ninavyofanya mpaka leo. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, cha kusawazisha sio cha kilima, na nusu kijiko cha bekingi soda inayofanya yasikwaruze. Nasema bekingi soda, sio bekingi pauda, na tafadhali sana sio magadi, nilipoandika hii kwenye grupu la WhatsApp la familia kuna shangazi aliuliza "magadi ya kupikia maharage?" nikapiga simu haraka kabla hajaanza, maana magadi ni makali na kuna sehemu hilo jina wanaliita hata ile soda ya kutengenezea sabuni ambayo inachoma nyama kabisa.

Kuhusu chumvi, wanashauri isiyo na madini joto, yani ayodini, kwa sababu yale madini yanaweza kuwasha pua. Sasa huku kwetu chumvi ya mezani karibu yote ina madini joto, na ni vizuri iwe nayo, ndo inatuepusha na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Mimi kuna supamaketi nimepata ya bahari isiyowekwa kitu, ikikosekana natumia hiyo hiyo ya jikoni na zaidi ya kuwashwa kidogo sijaona ubaya. Nilipojaribu tena, kabla sijajua vipimo, nilinunua dripu ya chumvi ya mililita 500 famasi, ni safi na imepimwa tayari, tatizo ukishaifungua huwezi kukaa nayo siku nyingi, na ukiipigia hesabu kila siku ni gharama.

Kifaa nilianza na bomba la sindano la mililita 20, bila sindano jamani. Linafanya kazi ila unajaza mara kumi na mbili mkono unachoka. Sasa hivi nina chupa laini ya kubinya ya mililita 240, nusu tundu hili nusu lile. Unapasha maji yawe vuguvugu, unajaribia kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto, unainama juu ya sinki, unageuza kichwa upande shavu moja liangalie chini, mdomo wazi unapumulia mdomoni, unaweka kwenye tundu la juu, unabinya taratibu. Usiongee. Usimeze mate. Usicheke, na mumeo asiwepo mlangoni maana atakuchekesha. Ukiona maji yanataka kwenda kooni fanya kama unasema "kkk", koo linajifunga kwa nyuma. Yatatoka tundu la chini, na siku ya kwanza yatatoka na vitu ambavyo sitaviandika hapa kuna watu wanakula. Nilichoona mimi kilikuwa kama udongo wa Mtumba nimeuhifadhi miaka yote. Ukimaliza penga taratibu bila kubana matundu yote mawili, ukipenga kwa nguvu unayarudisha ndani mpaka masikioni.

Kitu ambacho video hazikuniambia ni kwamba maji mengine yanabaki yamejificha. Nimeosha pua jioni, nimeswali Magharibi vizuri tu, rakaa ya pili naenda sujudu, shwaaa, maji yakamwagika puani kwenye mswala kama mtu kafungua koki. Pembeni yangu ni mama mkwe, alikuja kututembelea. Hakusema kitu mpaka tulipotoa salamu, akaniuliza kwa upole, "mwanangu, unalia?" Sasa hivi nikimaliza nainama mara mbili tatu, kichwa chini, kulia na kushoto, yatoke kabisa. Na mwezi wa Ramadhani nafanya baada ya kufuturu na tena kabla ya daku, mchana siigusi kwa sababu tumekatazwa kuzidisha kupandisha maji puani ukiwa umefunga.

Swali mnalotaka kuuliza ni je imeniponya? Hapana. Vumbi lipo, mzio upo, na kuna mfupa wa kati wa pua yangu umepinda kidogo upande wa kulia, huo chumvi haiunyooshi. Ila matone nimeacha, na hiyo kwangu ndo kubwa. Daktari alinifundisha niache tundu moja kwanza, naendelea kuweka la kushoto tu huku la kulia linateseka, likishazoea ndo naacha la pili. Lile la kulia usiku wake watano wa kwanza sitausahau, nililala nimekaa kama abiria wa basi. Kilichonivusha ni maji, naosha saa mbili usiku, nasubiri kama robo saa, napuliza ile ya steroidi, maana ukipuliza kwanza alafu ukaosha umeimwaga dawa kwenye sinki. Wiki ya tatu nikaamka asubuhi nikagundua nimelala usiku kucha na mdomo umefungwa. Nilikaa kitandani navuta hewa tu kama mshamba.

Amoksilini sijameza tangu hapo. Wenzetu Wisconsin Marekani walifanya utafiti ukatoka 2002, watu 76 wenye matatizo ya sainasi, waliokuwa wanaosha kila siku kwa miezi sita walipata nafuu na wakapunguza dawa, ni utafiti mdogo lakini nilipousoma nilijiona mimi mule ndani. Nyungu, ule mvuke wa kujifukiza, sijaiacha, nani ataacha nyungu baada ya korona ya 2020 tulivyofukizwa nchi nzima, mchaichai na mkaratusi unanuka vizuri na unajisikia raha, ila ile ni raha tu, haitoi vumbi, na sufuria la maji ya moto na mtoto anayekimbia nyumba nzima sio marafiki.

Kuna wakati huoshi pua, unaenda hospitali. Jicho kuvimba, kuona vitu viwili viwili, homa kali, shingo kukaza, kichwa ambacho hujawahi kukisikia, hapo usinitafute mimi. Sikio likiwa linauma pia acha kwanza, na kama pua imeziba kabisa haipitishi hata tone usilazimishe kubinya. Mtoto mdogo anayetoa kamasi linalonuka tundu moja tu, mpelekeni wakaangalie, mara nyingi ni shanga au harage kaliingiza mwenyewe.

Na chupa muioshe jamani, muiache ikauke, sio unaiacha bafuni na maji ndani wiki nzima.

Mwezi wa kumi na mbili nilienda Tanga kumwona bibi. Asubuhi amenikuta uani nimeinama na chupa yangu, akasimama na kanga yake ananiangalia mpaka nikamaliza. Nikamweleza yote, jino, daktari, amiba, gramu tisa. Akaguna. "Nyie si nilikuwa nikiwaona na mafua nawafukuza mwende Raskazone mkaoge bahari? Mlikuwa mnarudi pua wazi. Sasa umeenda mpaka Dodoma ukalipe hela, uambiwe maji ya chumvi." Na kweli nikakumbuka, tulikuwa tunapiga mbizi tunarudi makamasi yanachuruzika tunajipangusa na mikono, kesho yake mafua yamekwisha. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya dripu, ndo maana yanawasha ila yanafungua.

Siku ya kuondoka akanipa mfuko wa kilo mbili, chumvi ya mawe imetoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi, "hii haina madini yenu hayo." Stendi mkaguzi wa mizigo akaufungua, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanifungia akanirudishia. Ina mchanga sana, puani haiendi. Nasugulia masufuria.